Nguzo ya Tisa

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga gizani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku hataki kuwaamsha watu. Nikajua Mjomba Enok ameamka. Mimi nilikuwa macho kitambo. Mwanangu Aviaq alikuwa amenikandamiza ubavuni kwa miguu yote miwili, nami nililala chali nikiangalia dari nisiyoiona, nikiwaza fundo.

Fundo lenyewe nililikuta jana yake. Msimu wa kupima barafu ulikuwa umebakiza siku moja. Saa sita mchana helikopta ingekuja kumchukua Tove, mtafiti wetu, na masanduku yake, na sisi watatu tungevuka ghuba kwa mashua ya Mjomba kurudi kijijini. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kupanda kwenye mto wa barafu na kuzivua nguzo bendera zake, maana tufani za majira ya baridi huzichanachana zikabaki nyuzi. Nguzo zenyewe ni kumi na mbili, mabomba membamba tu, yaliyozamishwa barafuni kwa keekee mwezi wa tano. Barafu ikiyeyuka, bomba linazidi kuchomoza, nasi tunapima limechomoza kiasi gani. Kiangazi chote, kila baada ya wiki mbili, nilizipima mimi kwa utepe wangu na kuandika daftarini. Bendera nilizifunga mimi pia, kwa fundo la kawaida, lile la kufungia viatu vya mtoto.

Kwenye nguzo ya tisa nilivua glavu nifungue, vidole vikakuta fundo si langu. Lilikuwa fundo la kamba za mbwa wa kuvuta kigari cha thelujini. Kwetu kila mwanamume analifunga kwa namna yake, na la Mjomba lina mzunguko mmoja wa ziada, kwa sababu kidole chake cha shahada hakipo tangu kamba ya samaki ilipoondoka nacho. Nikainama nitazame chini. Shimo halikuwa duara la keekee. Lilikuwa pana, lenye pembe, limechongwa kwa mtaimbo, likazibwa kwa theluji iliyoloweshwa maji ikaganda.

Niliivua bendera kama zile nyingine, nikateremka kwenye kibanda chetu cha utafiti bila kusema neno.

Na usiku ule ule, wakati wa chakula, Tove alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Tove ni mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, miwani yake kaifunga kwa uzi asije akaidondosha kwenye ufa wa barafu. Ametoka Denmark, na huu ulikuwa msimu wake wa kumi na moja kwetu. Miaka yote hiyo amekuwa akiwaambia wenzake kwamba barafu iliyo chini ya jabali jeusi inalindwa na kivuli, haiyeyuki kama nyingine, na wenzake wamekuwa wakimcheka. Sasa nguzo ya tisa, iliyo pale pale kivulini, ilikuwa imemjibia. Mwishoni mwa mwezi wa saba, wakati nguzo za jirani zinapoteza barafu ya kimo cha mtoto, yenyewe ilipoteza upana wa kiganja.

"Hii nitaisimamia mkutanoni mbele yao wote," alisema, akimega samaki mkavu. "Na jina lako litakuwa chini ya langu, Nivikka, maana vipimo ni vyako."

Kisha akafuta mikono, akasema kwamba suala la mlinzi wa vipimo wa majira ya baridi ataliamua kesho kabla ya helikopta. Tulikuwa wawili mbele yake: mimi, na kijana mmoja wa mjini mwenye cheti cha chuo.

Kazi hiyo niliitaka kama mtu anavyotaka maji. Msimu wa baridi, mlinzi anakaa kijijini, anasoma vyombo vya hali ya hewa kila asubuhi, na mara moja kwa mwezi anavuka kwenda kuzitazama nguzo. Majira mawili ya baridi nimesoma darasa la jioni pale shuleni kwetu, hesabu na Kideni, Aviaq kalala kwenye mabenchi mawili yaliyounganishwa, ili siku moja niweze kuomba kazi kama hiyo. Nikiikosa, nahamia mjini kwa wakwe zangu, chumba kimoja, nikakate samaki kiwandani pamoja na mume wangu. Si vibaya kukata samaki. Lakini Mjomba angebaki peke yake na mbwa wake, na Aviaq angekulia mahali ambapo hakuna anayemwita dada.

Ni hivi: Aviaq amebeba jina la mama yangu, aliyefariki mwezi mmoja kabla yeye hajazaliwa, na mama yangu alikuwa dada mkubwa wa Mjomba Enok. Kwa hiyo mwanangu wa miaka mitano ni dada mkubwa wa mzee wa miaka sitini na saba. Anamkaripia, na mzee anatii.

Basi asubuhi hiyo nikauchomoa ubavu wangu kwenye miguu ya mtoto, nikaenda kukaa kwenye kreti karibu na jiko. Mjomba alikuwa kavaa fulana na suruali ya ngozi, kashika kikombe kwa mikono miwili.

"Umelala?" akanong'ona.

"Nimefumba macho tu. Mjomba, bendera ya nguzo ya tisa uliifunga wewe?"

"Ya tisa ndiyo ipi? Mimi sizijui kwa namba."

"Ile fupi, chini ya jabali jeusi."

"Aa." Akapuliza kahawa. "Ile iliyokuwa imelala."

"Imelala vipi?"

"Imelala kifudifudi, kama mlevi aliyetoka harusini. Ni ile wiki ulipompeleka dada mjini kutibiwa masikio. Mimi nilikatiza barafuni kuchukua nyama ya kulungu wangu, nikaikuta chini. Nikachimba kwa mtaimbo, nikaisimamisha, nikashindilia theluji na maji. Bendera ilikuwa inaning'inia, nikaifunga. Ulitaka niiruke?"

Hata mimi nisingeiruka. Kwetu alama ikianguka barafuni, anayepita wa kwanza anaisimamisha. Haambiwi asante na wala hasimulii akifika nyumbani. Ni kama kumfunika mtoto aliyejifunua usingizini. Nani anaamka asubuhi akatangaza kwamba usiku amemfunika mtoto? Babu yangu alirudi hai kutoka kwenye dhoruba kwa sababu mtu fulani, hadi leo hatumjui, alisimamisha fito ya njia iliyokuwa imeanguka.

Lakini nguzo za Tove si za njia. Mabomba marefu yalituishia mwezi wa tano, ile ya tisa tukaikatia fupi. Barafu ya pale iliyeyuka kwa kasi ile ile ya kwingine, ikayeyuka mpaka bomba likakosa pa kushika, likaanguka. Mjomba alipolizamisha tena, alilirudisha chini karibu na kimo kile kile nilichokuwa nimekiandika safari ya mwisho. Nami nikaja na utepe wangu, nikapima, nikaona imechomoza upana wa kiganja zaidi, nikaandika. Kivuli hakikulinda kitu.

Nilimweleza hivyo kwa kunong'ona. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiweka kahawa chini.

"Kwa hiyo nimemharibia."

"Tumemharibia. Mimi nilipima bila kutazama chini."

"Anajua?"

"Bado."

Nyuma ya pazia tulisikia Tove akijigeuza kitandani.

"Usiseme," akanong'ona hatimaye. "Mwache aende nayo. Amefurahi. Na wewe kazi yako unaihitaji. Barafu yenyewe haimlalamikii mtu."

"Na wakija wengine mwakani, wakaweka nguzo kumi pale kivulini, wakakuta si kweli?"

"Mwakani mbali."

"Mjomba."

"Nimesema tu," akasema, na akanimiminia kahawa.

Kulipokucha tulianza kufunga kibanda. Siku ya kuondoka haina nafasi ya kufikiri, na mimi nilishukuru kwa hilo. Tulitoa maji yote kwenye mabomba yasije yakapasuka. Tulitoa betri, tukafunika madirisha kwa mbao. Masanduku ya barafu, yale yenye vipande virefu vilivyotolewa ndani kabisa, tuliyabeba wawili wawili mpaka kwenye uwanja wa mawe na kuyafunika kwa blanketi nyeupe jua lisiyaguse. Mjomba alikusanya kila punje ya chakula, maana mbweha akinusa kipande cha mkate atang'oa mlango.

Aviaq alipewa kazi ya kuhesabu vijiko. Alisimama mlangoni akiwa amevaa kofia yangu.

"Enok, umekunywa vikombe vingapi leo?"

"Viwili, dada."

"Nimeona vinne."

"Viwili vya kwanza vilikuwa vya jana, sikupata nafasi ya kuvinywa."

Tove alicheka kule ndani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la vitabu, anapanga madaftari kwenye mifuko ya plastiki. Daftari la nguzo lilikuwa mkononi mwake. Likishaingia sandukuni, na sanduku likifungwa kwa utepe wa gundi, lingefunguliwa Denmark.

Nilibeba kreti ya betri nikampita. Nikarudi, nikampita tena. Safari ya tatu sikuwa nimebeba kitu.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Usilifunge kwanza."

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri ya darasa la jioni, yenye mwanzo na mwisho. Hayakutoka. Nilisema tu kwamba nguzo ya tisa ilianguka mwezi wa saba, ikasimamishwa tena bila kuandikwa, na kwamba namba ya mwanzo wa mwezi wa nane si ya kweli.

Tove hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na niliona uso wake ukitulia, ukatulia zaidi ya kawaida, kama maji yanapoanza kuganda. Akalifungua daftari kwenye ukurasa ule. Akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Nani aliisimamisha?"

"Mimi," akasema Mjomba toka mlangoni. Kideni chake humjia akitaka. "Ilikuwa imelala. Nikipita nikakuta kitu cha kusimama kimelala, nakisimamisha. Nimefanya hivyo tangu nina miaka saba."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza. Nawe ungeniuliza nini? 'Enok, leo umesimamisha kitu?' Ningekutajia vitu mpaka giza liingie."

Sikujua Tove atacheka au atalia. Hakufanya lolote. Alikaa juu ya sanduku, akavua miwani, ikabaki ikining'inia kwenye uzi wake.

"Siku gani?" akauliza. "Tarehe. Kama najua tarehe, naweza kuokoa kuanzia hapo."

Mjomba akaingiza mkono kifuani, akatoa kijitabu chake cha mawindo, kile ambamo kila mwindaji anapaswa kuandika alichopata na siku aliyopata, na mwisho wa mwaka anakipeleka serikalini. Akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akafunua.

"Kulungu dume mmoja, tarehe ishirini na saba. Nyama niliifuata kesho yake, ishirini na nane. Asubuhi, kabla ya ukungu."

Tove akaandika. Kisha akahesabu kimya, penseli ikigusa ukurasa. Namba za mwezi wa nane, baada ya nguzo kusimamishwa, zilikuwa nzuri, ingawa kwa furaha yake hakuwa amezitilia maanani, na zilisema wazi kwamba barafu ya kivulini inayeyuka kama ya juani, pungufu kidogo tu. Katikati ya mwezi wa saba hadi ishirini na nane alichora mstari mwekundu.

"Wiki hizi mbili zimekufa," akasema. "Na mengine niliyoyasema mezani jana, nayo yamekufa."

"Samahani," nikasema.

"Uliligundua lini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema *leo asubuhi*. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Aviaq alikuwa amekaa chini na vijiko vyake, ananitazama, anangoja nijibu kwa sababu mama akiulizwa hujibu.

"Jana. Saa tisa alasiri, nilipokuwa navua bendera. Fundo lilikuwa la Mjomba."

"Jana saa tisa. Na tulikula pamoja saa moja usiku."

"Ndiyo."

"Ukanisikiliza nikiongea."

"Niliitaka kazi," nikasema. "Niliona nikisema utampa yule wa mjini."

Alinisukumia daftari na penseli. "Andika. Kilichotokea, nani, tarehe ngapi. Umejua saa ngapi, umesema saa ngapi. Utie na jina lako."

Nikaandika. Mwandiko ukawa wa mtoto wa darasa la pili. Nilipofika kwenye saa ya kusema, nilitazama saa ya ukutani, ambayo Mjomba alikuwa ameshaing'oa, palibaki msumari. Tove akanionyesha saa ya mkononi mwake. Saa nne na dakika ishirini. Nikaandika na hiyo.

Kisha tulirudi kazini. Tulimaliza kufunga. Tove alikunja kitanda chake, akafagia chumba chote, hata chini ya jiko, polepole, kama anayetafuta pini. Nilidhani mambo yangu yamekwisha, nikaanza kuupanga mji kichwani: nani atamlea Aviaq nikiwa kiwandani, kitanda chake kitakaa wapi. Nilikuwa nimeshafika kwenye viatu vya shule tuliposikia helikopta inanguruma nyuma ya jabali.

Rubani hakuzima injini. Masanduku ya barafu yaliingia kwanza. Mjomba alipeana mkono na Tove, akampa kifurushi cha nyama kavu ya kulungu.

"Ni yule yule?" Tove akapaza sauti juu ya mngurumo.

"Ni yule yule. Umle, umkomoe."

Safari hii alicheka kweli, kicheko kifupi. Kisha akageuka kwangu, akanivuta mpaka nyuma ya kibanda ambako upepo wa mapanga ya helikopta haukufika.

"Yule kijana ana cheti," akasema. "Wewe una darasa la jioni, na una saa kumi na tisa ulizokaa kimya."

"Ndiyo."

"Zile saa zimeniuma kuliko nguzo."

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa na machozi, nilikuwa na baridi tu.

"Lakini ungeweza kuniacha niende kuaibika mbele ya watu sitini, na hakuna ambaye angejua ni wewe. Nimelifikiria hilo nikifagia." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za sanduku la vyombo vya hali ya hewa, lile lililofungwa kijijini nyuma ya nyumba ya Mjomba. "Mpaka Krismasi. Kila wiki unanitumia namba, nazipitia moja moja, na nikiona hata moja isiyoeleweka nitakupigia hapo hapo. Baada ya Krismasi tutaona. Na mjomba wako nguzo zangu asiziguse."

Mjomba alikuwa ametufuata, kama kawaida yake.

"Hilo siwezi kuahidi," akasema. "Nguzo ikilala nitaisimamisha. Nikipita nikaiacha, nitakosa usingizi."

Tove alimgeukia. Kule nyuma rubani alikuwa anapunga mkono.

"Basi uandike kwanza," akasema. "Kwenye kitabu chako cha mawindo. Pima imelala wapi, andika, ndipo uisimamishe."

Mzee akafikiri. "Niandike kama nimeiwinda?"

"Kama umeiwinda."

"Hilo naweza."

Tove akapanda, helikopta ikaondoka. Theluji kavu ilituruka usoni, na Aviaq akaficha kichwa chake tumboni kwangu. Ngurumo ilipokwisha, kimya kilichobaki kilikuwa kizito mpaka nikasikia barafu ikilia mbali, ikijinyoosha. Tulipigilia ubao wa mwisho mlangoni, tukateremka kwenye mashua. Njiani Mjomba alinena mara moja tu. Alisema, bila kunitazama, kwamba asubuhi alinishauri vibaya, na kwamba marehemu dada yake angemchapa. Aviaq, aliyekuwa kajikunyata kwenye blanketi, akasema atamchapa wakifika, na mzee akasema sawa.

Nilimpigia mume wangu simu jioni ile. Nikamwambia mpaka Krismasi. Akasema atakuja mwisho wa mwezi na taa ya kichwani, maana giza linakuja na mimi nitakuwa naihitaji nje.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya Mjomba. Nilimvisha Aviaq juu ya nguo zake za kulalia, maana aligoma kubaki. Nyuma ya nyumba kulikuwa na umande ulioganda juu ya kila kitu, juu ya kamba za kuanikia samaki, juu ya migongo ya mbwa waliolala. Sanduku la vyombo ni jeupe, lina miguu minne, na kufuli lake lilikuwa gumu. Ilibidi nilipumulie ndipo lifunguke. Nilifungua daftari jipya alilotuachia Tove. Tove alikuwa ameshaandika namba moja ya jana, aliyopewa kwa redio na jirani wa kijijini aliyetusomea vyombo, ili ukurasa usianze mtupu.

Nilisoma kipimajoto. Nikakisoma tena, nikainama chini kutazama miguu ya sanduku kama imekaa sawa, kila mguu. Kisha nikaandika tarehe, saa, namba, na jina langu lote.

"Niinue nione," Aviaq akasema.

Nikamwinua. Darasa la jioni alilipata naye, usingizini, na namba anazijua mpaka ishirini. Aliitazama namba ya jana kwa muda mrefu, midomo ikicheza, halafu ya leo, wino wake haujakauka. Mjomba alikuwa ametoka na kikombe chake, kasimama mlangoni kwa soksi, naye anangoja. Sikumsaidia mtoto.

"Leo ni baridi kuliko jana," akasema.